Shangazi Hajala

"Wifi, nimekuja kukosa adabu," alisema Losaline, kisha akakaa chini pale pale mlangoni, mbali na mkeka.

Akanesi alikuwa akikunja nguo alizotoka kuzianua. Alimtazama mke wa mdogo wake jinsi alivyokaa, magoti pamoja, macho chini, akajua hakuja kuomba chumvi. Jumamosi Hepisipa, mtoto wa kwanza wa Losaline, angetimiza miaka ishirini na mmoja, na nyumba nzima ya Lisiate ilikuwa inahangaika na nguruwe, viazi vikuu na turubai la kuazima. Mama mwenye shughuli ya namna hiyo haachi kazi zake mchana kweupe kwa jambo dogo.

"Kosa basi, nisikie."

"Ni habari ya mwili wa Lisiate."

Mkono wa Akanesi ulisimama juu ya shuka. Hapo Losaline alikuwa amekosa adabu kweli. Dada na kaka wa Kitonga wanaweza kuongea habari za shamba, za kanisa, za mvua, hata za siasa wakitaka kununiana. Lakini mwili wa kaka na maradhi yake hayasogei masikioni mwa dada. Akanesi na Lisiate hawakuwahi kukaa chumba kimoja tangu yeye avunje ungo, na hakuna aliyeona ajabu.

"Kamwambie nesi."

"Nesi anajua. Nesi ndiye aliyechoka."

"Basi mwambie mchungaji."

"Mchungaji naye ana presha, wifi. Wataishia kuoneana huruma."

Akanesi akageuka, akampa mgongo, akachukua shuka jingine. "Mimi nakunja nguo," alisema. "Mtu akiongea peke yake mlangoni kwangu, nitamzuiaje?"

Basi Losaline akauelezea mgongo ule mpana. Presha ya Lisiate ilikuwa imekataa vidonge. Nesi Ofeina alimpa vya kwanza, akampa vya pili, na kila akimvalisha ule mkanda wa mkononi mashine inapanda kama ilivyopanda mwanzo. Daktari wa kutoka hospitali kuu huvuka kuja hapa kisiwani Eua mara moja kila baada ya miezi mitatu, na zamu yake ilikuwa wiki inayofuata. Bila majibu ya damu mkononi angekuwa anabahatisha tu, kwa sababu kuna vidonge vinavyoshusha presha huku vikiharibu kwingine.

"Nesi anasema presha haitembei peke yake," Losaline alisema. "Ina ndugu zake. Sukari, mafuta ya kwenye damu, kitambi, na ile asidi inayoleta jongo, inayomvimbisha mtu kidole gumba cha mguu. Wakihamia wote kwa mtu mmoja, wanamwangusha. Na hao ndugu huwaoni kwa macho. Unawaona kwenye damu, na damu yenyewe iwe ya asubuhi, tumbo tupu."

"Kwa hiyo kile kidole chake," Akanesi aliliambia shuka, kisha akajiuma ulimi.

"Anasema aliumia kwenye raga."

"Raga aliacha kabla hujamzaa Hepisipa."

"Na mimi namwambia hivyo hivyo."

Mara mbili Lisiate alikuwa ametoa damu, na mara mbili maabara ya hospitali kuu, ng'ambo, ilisema haipimiki. Ilipotulia kwenye kichupa, juu ilifanya utando mweupe kama tui la nazi. Majibu yalikuwa mamoja, kwamba mgonjwa alikuwa amekula. Nesi akamuuliza mbele ya mkewe kama alikula, naye akaapa hajala.

"Na hakusema uongo, wifi," Losaline alisema, na sauti yake ikaanza kukwaruza. "Alikunywa chai tu. Na mkate, na nyama ya kopo kidogo. Hakugusa gimbi wala kiazi."

Akanesi nusura acheke. Ni nyumba gani ya Eua mtu akishakunywa chai na mkate husema amekula? Chakula ni gimbi, ni kiazi kikuu, ni muhogo. Kitu kinachotoka ardhini na kumlaza mtu chali. Hayo mengine ni kupoza mdomo.

"Sasa amesusa. Anasema hawezi kuitwa mwongo na msichana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kusoma Biblia. Hatoi tena. Na meli ya Jumamosi alasiri ndiyo ya mwisho itakayowahisha damu kabla ya daktari."

Shuka lilikuwa limekunjwa mpaka likawa dogo kama kitabu. Baba yao alianguka shambani akiwa na umri huu huu wa Lisiate, na alipofikishwa nyumbani hakuwa na neno hata moja mdomoni. Akanesi alikuwa anaogopa. Hakuwa mtu wa kuogopa, na kuogopa kulimkera kama viatu vya kuazima.

"Unataka nini kwangu, Losaline?"

"Wewe ndiye fahu. Mimi nikimwambia asile atanicheka. Nesi akimwambia atanuna. Lakini wewe usipokula, yeye hali. Hakuna anayekula."

Ni kweli. Shangazi mkubwa ndiye fahu wa watoto wa kaka yake. Siku ya sherehe yao anakaa katikati, anapewa nguruwe wa kwanza na mikeka mizuri kuliko yote, na mdomo wa mtu mwingine haufunguki kabla wake haujafunguka. Mama mzazi wa mtoto hupita nyuma ya migongo ya watu, ameinama, akibeba sahani. Losaline alikuwa amepita hivyo nyuma ya Akanesi kwa miaka mingi bila kuomba kitu.

"Nenda nyumbani," Akanesi alisema. "Mwambie nesi Ofeina amealikwa kwenye sherehe. Aje na vichupa vyake. Na avae vizuri."


Ijumaa jioni ukoo ulijaa uani kwa Lisiate. Wanawake walikuwa wakimenya viazi vikuu, wanaume wakipanga mawe ya tanuri shimoni, na vijana wawili wakigombana na turubai ambalo upande mmoja lilikuwa refu na upande mwingine fupi. Akanesi akaingia amejifunga ule mkeka wake wa kiunoni wa bibi yao, wa zamani na uliochakaa, ambao kwa sababu hiyo ni wa heshima kuliko mipya yote. Watu wakapunguza sauti. Lisiate, kwa adabu, akaondoka akaenda nyuma ya jiko, akichechemea na kujifanya hachechemei.

"Baba mdogo Kelepi," Akanesi alimwita msemaji wa ukoo. Kelepi alikuwa mzee mwembamba mwenye mdomo uliozoea kazi. Hotuba zake zilijulikana kisiwa kizima, hasa kwa urefu. "Nina neno. Wape watu."

"Toa, fahu, nami nitalipamba."

"Usilipambe. Kuanzia sala ya leo jioni mpaka kesho nitakapotia tonge mdomoni, asile mtu wa ukoo huu. Watoto wale. Wajawazito wale. Wanaodungwa sindano za sukari wale. Wengine maji matupu."

Manung'uniko yakaanzia upande wa tanuri.

"Hata sisi tunaochoma?" aliuliza kijana mmoja. Kila mtu alijua mpishi wa nguruwe ana haki yake ya ini na vipande vya ngozi, haki ambayo haijaandikwa popote na haijawahi kukosekana.

"Nyinyi hasa."

"Fahu," Kelepi alisema kwa sauti ya chini, "desturi ni kwamba watu wakusubiri mezani. Sijasikia wakikusubiri tangu jana yake."

"Umesikia leo."

"Na mimi je? Mimi nina vidonda vya tumbo."

"Una vidonda vya ulimi, baba mdogo. Uupumzishe."

Wanawake wakainama juu ya viazi vyao, mabega yakitikisika. Kelepi akajikohoza, akasimama wima, akatangaza kwamba fahu, kwa mapenzi yake makubwa kwa Hepisipa, ameamua sherehe hii iingiwe kwa matumbo safi. Akanesi alikiri moyoni kwamba mzee yule, ukimkasirisha vizuri, anafanya kazi.

Kabla ya giza Losaline alikusanya birika zote za nyumba, sukari, maziwa ya kopo, mkate na makopo ya nyama, akavifungia kwenye sanduku la mikeka. Lisiate alimtazama.

"Na chai?" aliuliza.

"Fahu kasema maji matupu."

"Chai ni maji."

"Kamwambie yeye," Losaline alimjibu mumewe, na kwa mara ya kwanza wiki ile alilala usingizi.


Asubuhi Akanesi aliamka nyumbani kwake na furaha ya mtu aliyepanga jambo likapangika. Alifungua madirisha. Alisali. Kisha akafanya alichofanya kila asubuhi tangu nesi alipomwambia kwamba yeye naye ana presha: akameza kidonge chake kwa chai ya maziwa mazito, na kwa kuwa kidonge kikali hakifai kushukia kwenye tumbo lenye njaa, akakisindikiza na maandazi mawili. Hakuna kilichomshtua. Damu iliyokuwa ikitafutwa ilikuwa ya Lisiate. Na chai si chakula. Hilo alikuwa amelijua maisha yake yote, na siku mbili tatu hazikutosha kumsahaulisha.

Alipofika kwenye sherehe turubai lilikuwa limesimama, upande mmoja chini kidogo. Nyuma yake walikuwa wamezungushia ukuta wa makuti, na nyuma ya makuti ndiko lilikokuwa tanuri, wanaume, na Lisiate mwenyewe. Kwa kuwa dada yake alikuwa ndani, yeye angeitumikia sherehe ya binti yake akiwa nje. Akanesi aliketishwa katikati. Hepisipa alikaa karibu naye amevaa vazi la kitambaa cha magome, mabega yanang'aa mafuta ya nazi, mzuri mpaka shangazi yake akashindwa kuacha kumtazama.

"Shangazi," Hepisipa alinong'ona, "tumbo langu linaongea mpaka mchungaji anasikia."

"Liache liongee. Likiongea leo linasema jambo la maana."

Nguruwe walikuwa wamepangwa wamelala kifudifudi, ngozi zimekauka rangi ya kahawia. Harufu yao ilikuwa ukatili mtupu. Watu wazima walitazamana kwa macho ya chuki. Nesi Ofeina aliketi pembeni amevaa gauni la kanisani, kisanduku chake cha barafu miguuni, akijaribu kuonekana kama mgeni aliyekuja na zawadi.

Kelepi alianza kuhutubia. Alianza na mababu, akapita kwenye majina ya ardhi, akagusa misiba miwili na harusi tatu, na alipofika kwenye siku aliyozaliwa Hepisipa mtu mmoja nyuma aligumia kama ng'ombe. Mwishowe vijana wakaleta vitu vya fahu: mikeka miwili mizuri, kitambaa cha magome kirefu kilichobebwa na watu sita, nguruwe mkubwa kuliko wote na ghorofa ya juu ya keki. Vikawekwa miguuni pake.

"Fahu wetu," Kelepi alisema, "hivi ni vyako. Kula, ili nasi tule."

Watu wakainua vichwa. Akanesi akaisogeza sahani mbele, mbali naye.

"Sili," alisema.

Kisha akamgeukia Kelepi.

"Baba mdogo, mwambie mdogo wangu huko nyuma. Kwenye sherehe za watu wengine fahu hupewa mikeka na nguruwe. Hivyo ndivyo walivyo navyo. Mdogo wangu ni mtu mkubwa kuliko hao, na mimi sitaki kupewa kama wanavyopewa wengine. Mikeka hii apewe Hepisipa. Nguruwe huyu apewe Losaline aliyemlisha. Mimi nataka damu ya mdogo wangu."

Kelepi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika umri wake ukabaki wazi bila kitu. Lugha ya heshima ina neno la kula kwa wakubwa, la kulala kwao, la kufa kwao, hata la kukasirika kwao. Damu ya tumbo tupu iliyomo kwenye kichupa haikuwa na neno.

"Damu," alirudia polepole. "Ya mkononi?"

"Ya mkononi. Nesi yupo."

Kelepi akageukia makuti. "Lisiate," aliita, "dada yako anaomba... anaomba ule wekundu wa ukoo, ulio ndani yako, asubuhi hii, kabla haujachanganyika na kitu." Akafuta jasho. Aliona limekaa vizuri, akaongeza, "Kidogo tu."

Nyuma ya makuti mawe ya moto yalikuwa yakipasuka. Akanesi aliutazama ukuta ule mpaka macho yakamuuma. Alijua alikuwa amemweka mdogo wake mahali pabaya. Akikataa, atakuwa amemnyima fahu mbele ya kisiwa, jambo ambalo wajukuu zake wangesimuliwa. Akikubali, kila mtu atajua kwamba ndani ya mwili ule mkubwa wa kubeba magunia kuna kitu kinachotafutwa. Alikuwa tayari achukiwe. Kuchukiwa na mtu aliye hai kunavumilika.

"Mwambieni dada," sauti ya Lisiate ilitoka hatimaye, nzito na ya adabu, "mimi sijawahi kumtangulia kwa kitu. Sitamtangulia leo."

"Kweli kabisa," Kelepi alidakia, amefurahi kurudi kwenye njia anayoijua. "Hakuna linalofanyika kabla ya fahu. Fahu kwanza."

Watu wote wakamtazama Akanesi. Na yeye, ambaye alikuwa amepanga kila kitu mpaka gauni la nesi, hakuwa amelipanga hili.

Akanyoosha mkono. Angefanya nini? Nesi Ofeina akaja na kisanduku chake, akapiga magoti, akamfunga mpira juu ya kiwiko. Mikono yake ilikuwa na hakika, lakini swali lake lilikuwa lile lile analowauliza watu wote, na aliliuliza kwa sauti ile ile ya kliniki, ya kusikika na viziwi.

"Mama Akanesi, tangu jana jioni umekula au umekunywa chochote zaidi ya maji?"

Akanesi alihisi maandazi mawili tumboni kama mawe ya tanuri. Kusema "hapana" kulikuwa kwepesi. Nani angejua? Lakini nesi alikuwa amekwisha kushika kalamu, anaandika jina kwenye kichupa, Akanesi, herufi baada ya herufi, jina alilopewa na bibi yake. Na kama angesema "nimekula," basi fahu amekula, na fahu akishakula watu wote wako huru. Vijana wangemrukia nguruwe kabla hajamaliza sentensi, na Lisiate wa kwanza.

Alikuwa mwanamke mwenye majivuno, kila mtu alijua, na mwenyewe hakukana. Lakini majivuno yake hayakuwa ya kubandika jina lake kwenye uongo.

"Nimekunywa chai," alisema. "Ya maziwa. Na maandazi mawili."

Kisha kicheko kikaanza nyuma, cha pua, kikasambaa kwenye mikeka. "Sisi tangu jana maji matupu," alisema shemeji mmoja, "kumbe wenzetu." Kijana mmoja wa tanuri, aliyekuwa amenyimwa ini usiku kucha, akasimama karibu na makuti. "Basi fahu amekula," alisema. "Amekula, jamani. Tuleni." Mikono ikaanza kusogea. Akanesi alimwona Losaline nyuma ya watu, ameshika sahani, na uso wake ulikuwa umekata tamaa kabisa. Hakuwahi kuona aibu kama ile. Ilimpanda shingoni, ikamchoma masikio, naye akakaa wima kwa kuwa hakujua kukaa vingine.

"Nani amesema dada yangu amekula?"

Mikono ikasimama. Lisiate hakupaza sauti. Hakuwa na haja.

"Mimi nauliza. Nani?"

"Si kasema mwenyewe," yule kijana alijibu kwa woga. "Chai na maandazi."

"Umemsikia akitaja gimbi?"

"Hapana, baba."

"Kiazi? Muhogo?"

"Hapana."

"Basi unajua nini wewe kuhusu kula? Chai si chakula. Hata Ofeina hapo anajua nimemwambia hivyo, mara mbili." Nesi akainamisha kichwa kuficha mdomo wake. "Dada hajala. Na kama dada hajala, nimwone wa kugusa nguruwe wangu."

Kelepi akaona pa kuingilia. "Fahu hajala," alitangaza, kwa uzito wa mtu anayefunga mjadala wa bunge. "Imesikika."

Watu wakarudisha mikono. Wengine walicheka sasa, lakini kicheko kilikuwa kimegeuka. Kilikuwa cha watu wanaojua wameona kitu kizuri kikipita. Ofeina akamsogelea Akanesi sikioni. "Kuna kipimo cha figo, na kuna cha sukari ya miezi iliyopita," alisema. "Hivyo viwili chai haivisumbui. Nitavichukua sasa, uwe umetangulia. Vya mafuta na sukari ya asubuhi, uje Jumatatu." Sindano ikaingia. Akanesi hakupepesa. Aliitazama damu yake ikipanda kwenye kichupa, nyeusi kuliko alivyodhani, na watu wote wakaitazama pamoja naye.

"Fahu ametangulia," Kelepi akasema.

Ndipo makuti yalipofunguka. Hakuingia mtu. Uliingia mkono peke yake, wa kulia, mpaka begani, mnene, vinyweleo vimeungua kwa moto wa tanuri, majivu kwenye mikunjo ya kiwiko. Ukanyooka hapo, kiganja juu, ukasubiri.

Akanesi akageuzia uso kwenye keki, kama ilivyompasa. Lakini alikuwa ameuona. Katika mikutano yote ya ukoo, vikao na mazishi, hakuna mwanamume aliyewahi kumpa kitu kwa heshima ile, na kifua chake kilijaa mpaka mkeka wa bibi yake ukambana. Yule ni mdogo wangu, alitaka kuwaambia wote, kana kwamba hawakujua. Alimsikia nesi akisema, "Kunja ngumi, baba," na Lisiate akijibu, "Nimekunja," na Hepisipa karibu yake akilia kimya kimya na kuharibu mafuta ya mabegani.

Baada ya mkono ule ukaja mwingine, wa binamu yao, kupitia tundu lile lile. Kisha shemeji aliyecheka alisogea akakunja shati. Kwani wote walikuwa na njaa, na wote tangu jana maji matupu, na hakuna aliyetaka kuonekana damu yake inaogopa kuliko ya mwenzake. Wawili wakaanza kubishana nani mshipa wake unaonekana vizuri. Vichupa vilimwishia Ofeina watu wakiwa bado wamejipanga, na Kelepi, ambaye alikuwa wa mwisho kwenye foleni, alimlalamikia nesi kwa dhati kwamba amebaguliwa.

"Sasa, fahu," Ofeina alisema, akifunga kisanduku. Gari la kumpeleka bandarini lilikuwa limewashwa. "Tafadhali kula. Watu hawa wataniua."

Akanesi akachukua kipande cha kiazi kikuu, akakimega, akatia mdomoni. Palilipuka kelele kama za mpira wa raga.


Daktari alikuja, akaondoka. Akanesi hakuuliza. Nesi asingemwambia habari za mgonjwa mwingine, na Losaline alikuwa ameshakosa adabu mara moja. Kumwomba mara ya pili kungekuwa kumdhalilisha. Jumatatu yeye mwenyewe alikwenda kliniki, kidonge mfukoni, koo limekauka, akipita mbele ya nyumba za watu waliomsalimia kwa adabu na kumuuliza kama amekula. Aliwajibu wote.

Ijumaa jioni alikuwa amekaa ndani akisuka ukingo wa mkeka aliposikia hatua uani. Lisiate alikuwa amesimama karibu na ngazi, amevaa shati safi. Hakuja karibu. Kulikuwa na mbwa wa jirani amelala pale, mbwa wa manjano asiye na kazi, na Lisiate alimtazama yule mbwa kwa makini.

"We mbwa," alisema kwa sauti ya kusikika ndani, "leo nina maneno na wewe."

Akanesi aliacha kusuka.

"Damu imesomeka safari hii. Sukari iko juu. Haijafika pabaya, ila iko juu. Mafuta mabaya mengi, mazuri machache. Ile asidi ya jongo ndiyo usiseme. Daktari anasema presha yangu imekuja na familia yake yote na mizigo."

Mbwa alijikuna.

"Kidonge kimoja amekiondoa, kumbe ndicho kilichokuwa kinanichokoza kidole. Ameweka vingine. Na nyama ya kopo amenikataza, mbwa wewe, pamoja na mafuta ya nguruwe. Nimemwambia afadhali angenikataza kupumua."

"Mbwa huyo amwambie mtu," Akanesi alisema kutoka ndani, akitazama kazi yake, "kwamba kupumua ndiko kwenyewe kunakotafutwa."

"Anasikia. Na kuna lile la figo. Ndilo nililokuwa..."

Lakini mbwa alikuwa amechoka na maneno ya watu. Aliinuka, akajinyoosha miguu ya mbele, kisha ya nyuma, akaondoka zake kuelekea barabarani. Lisiate akabaki amesimama na sentensi yake mkononi, hakuna wa kumpa. Angeweza kwenda. Akanesi alisikia mchanga ukikwaruzwa na kiatu, upande huu, upande ule, na akashika ukindu wake bila kuusuka.

"Dada," alisema Lisiate. "Figo zangu ni nzima. Daktari amesema baba hakupata nafasi hii."

Hakuna aliyewahi kukitaja kifo cha baba katika nyumba zao.

"Nimekusikia, Lisiate."

"Ndiyo. Na zako, dada?"

Akanesi aliweka mkeka chini, akasogeza kiti chake mpaka mlangoni, akakaa mahali ambapo mdogo wake angeweza kumwona, akamwambia yote.